Mama wa Agosti: kisa cha picha moja ya Kivukoni

Agosti 2024, kijana mmoja mpiga picha aliingia duka la dawa Mbagala kumnunulia mwanawe dawa ya homa. Muuzaji akiwa anahangaika na chenji, kijana akainua macho ukutani akaiona picha yake. Ilikuwa kwenye kalenda ya kampuni moja ya mikopo, juu kabisa ya tarehe za mwezi ule: mama aliyejitwisha ndoo tupu anashuka kwenye pantoni Kivukoni alfajiri, jua linachomoza nyuma ya bega lake, khanga imepepea upande. Chini yake maandishi makubwa ya njano: "Mkopo wangu, biashara yangu." Jina la aliyepiga halikuwepo popote.

Aliipiga kalenda picha, akanitumia. "Dada, hii si ile yangu ya pantoni?" Niliitambua mara moja, kwa sababu mwaka uliotangulia, alipoileta kuniuliza kama inafaa kwa maonyesho, nilimwambia ndiyo bora kuliko zote alizowahi kunionyesha. Mimi si wakili. Nimehariri picha za magazeti kwa miaka mingi, na vijana wa kamera hunitafuta wakipata matatizo ya namna hii. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa yake na ya mama aliye kwenye picha, bila majina ya watu wala ya kampuni, kwa sababu karibu kila kosa linalofanyika katika mambo haya lilifanyika humu ndani. Mengine ni ya kwetu sisi tuliokuwa tunadai.

Kosa la kwanza lilifanyika usiku uleule. Kabla sijamjibu, alikuwa ameshaingia Instagram, amebandika picha yake na kalenda bega kwa bega, ameitaja kampuni kwa jina, na chini yake ameandika neno "wezi". Ndani ya saa chache watu mamia walikuwa wanamuunga mkono. Asubuhi yake nilipofungua ukurasa wa Facebook wa kampuni, tangazo lililokuwa na picha ileile lilikuwa limeshafutwa. Rafiki yake mmoja aliliona likipita kama tangazo la kulipiwa, lakini hakuna aliyepiga skrinshoti yenye tarehe na anwani ya ukurasa. Ushahidi huo tuliupoteza sisi wenyewe, kwa hasira. Unapoona picha yako mahali, unakusanya kwanza kimyakimya: skrinshoti ya ukurasa mzima, anwani, tarehe, nakala halisi ya kitu kilichochapishwa, stakabadhi kama umekinunua. Kelele unaweza kupiga hata mwezi ujao.

Bahati nzuri kalenda haifutiki. Tulipata tatu: ile ya Mbagala, moja kwenye saluni Buguruni, nyingine kwa fundi cherehani Temeke. Yalikuwepo pia mabango mawili, na tukayapiga picha.

Suala la nani mwenye picha, ambalo kijana alilikosea usingizi, lilichukua alasiri moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, inaitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na haki inazaliwa pale kazi inapozaliwa. Hakuna kusajili kwanza ndipo uwe mwenye mali. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakusaidia kuthibitisha, na nawashauri wote wasajili kazi zao kubwa, ila asiyesajili hajapoteza haki yake. Na huyu hakuwa ameajiriwa wala kukodiwa na mtu siku ile. Alivuka na pantoni kwa nauli yake, na kamera ilikuwa yake.

Uthibitisho wake ulikuwa kwenye diski aliyoifunga kwa soksi na kuihifadhi kabatini. Ndani yake kulikuwa na faili ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoimeza kabla ya kuguswa na programu yoyote, likiwa na tarehe, saa na namba ya kamera. Cha maana zaidi, halikuwa peke yake. Kulikuwa na fremu kumi na moja zilizofuatana: mama bado yuko mbali kwenye kundi la watu, mama anakaribia, mama anakanyaga mlango wa pantoni, mama amepita na sasa unaona kisogo tu. Mwizi anaweza kuwa na picha moja. Hawezi kuwa na zile kumi za kabla na baada.

Katika fremu iliyochaguliwa, upande wa kushoto kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli. Kwenye kalenda hakuna mtu, hakuna baiskeli. Pale alipokuwa ndipo yalipokaa maandishi ya njano. Lakini nilipoiinamia kalenda dirishani kwenye mwanga mzuri, nikaona kwenye sakafu ya chuma ya pantoni, karibu na mguu wa mama, kivuli cha gurudumu. Duara lote linaonekana, mpaka spoku zinahesabika. Dizaina aliifuta baiskeli akasahau kivuli chake.

Kivuli hicho kilituokoa, maana barua ya kwanza ya kampuni ilidai kwamba picha ilinunuliwa kihalali kwenye hazina ya picha ya nje ya nchi. Tuliwatumia fremu yenye baiskeli na kalenda yenye kivuli kisicho na mwenyewe, tukawaomba stakabadhi ya manunuzi. Stakabadhi haikuja. Kilichokuja ni mwaliko wa kikao.

Kwenye kikao, ofisini kwao Mikocheni, ndipo tulipofahamu njia iliyopita picha. Kampuni ilimpa kazi wakala wa matangazo. Wakala alimpa dizaina wa kulipwa kwa kazi, kijana mwenzetu tu, na muda wa siku mbili. Dizaina aliitoa kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha. Nani aliyeiweka kundini? Mpiga picha mwenyewe. Aliituma Juni 2023 akiandika, "Wakuu, naomba maoni." WhatsApp ikibana picha inayotumwa kama picha, huziondoa zile taarifa zilizofichwa ndani yake za nani, lini na kamera gani. Kwa hiyo iliyomfikia dizaina ilikuwa haina jina juu wala ndani. Akaipenda, akaihifadhi, na siku ya shida akaikumbuka.

Ofisa masoko alikuwa mpole. "Mdogo wangu, wewe mwenyewe uliiweka hadharani." Hoja hii imezoeleka, nayo inasemwa na watu wenye elimu. Niliwaeleza kisa cha Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti. Tetemeko lilipopiga Port-au-Prince tarehe 12 Januari 2010, alipakia picha zake kupitia Twitter ili dunia ione. Mtu mwingine akazichukua akazibandika kama zake, shirika la habari la AFP likazisambaza, na Getty Images nao wakaziuza. AFP walitetea kwamba kuziweka pale ni kama kuruhusu. Mahakama ya New York iliikataa hoja hiyo, na Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe dola milioni 1.2. Ulaya nako, Agosti 2018, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua juu ya picha ya mji wa Córdoba ambayo mwanafunzi wa shule moja Ujerumani aliitoa kwenye tovuti ya utalii. Picha ilikuwa wazi kwa kila mtu, wala haikufungwa kwa namna yoyote, lakini kuipakia upya kwenye tovuti ya shule kulihitaji ruhusa mpya ya mpiga picha.

Hukumu hizo haziwafungi mahakimu wetu, na sikuwadanganya kwamba zinawafunga. Nilitaka tu waone kwamba "ilikuwa mtandaoni" si hoja mpya, na waliokuwa na mawakili wakubwa kuliko wao wameshaijaribu.

Wakili wa kampuni hakubishana sana. Alifungua faili lake, akatoa karatasi moja, akaisukuma mezani. Ilikuwa invoisi ya kijana wetu, aliyompa mwenye hoteli ndogo ya Kigamboni miaka miwili nyuma. Walivyoipata ni rahisi: hoteli ile nayo ilikuwa mteja wa wakala yuleyule. Imeandikwa: "Picha 4, kila moja 150,000. Jumla 600,000." Basi. "Bei yako ya picha ni laki moja na nusu," wakili akasema. "Tuko tayari kuilipa leo."

Pale ndipo kesi yetu ilipoyumba, si kwenye umiliki. Nimeyaona haya mara nyingi na bado yanauma: kijana anajiandaa kuthibitisha kwamba picha ni yake, anafika mezani wanakubali ni yake, halafu anaulizwa thamani yake na hana jibu. Sisi tuliandika kwenye barua ya madai shilingi milioni tisa. Wakili akauliza kwa utulivu tumefikaje pale. Namba ile ilitoka kwenye hasira yake na kwenye mdomo wangu, hatukuwa na hesabu. Mahakamani ungeulizwa hivyohivyo, kwa kuwa anayedai fidia hutakiwa kuonyesha alichopoteza. Na invoisi ile, kwa kuwa haikusema picha ni za kutumia wapi, kwa muda gani na kwa kazi gani, ilisomeka kama bei ya picha yoyote kwa matumizi yoyote milele. Aliyeiandika alikuwa anafikiria tovuti ya hoteli yenye vyumba kumi. Karatasi haikusema hivyo.

Tukaomba wiki mbili. Kijana akawaendea wapiga picha wawili wakongwe wa matangazo, wakampa nukuu za bei kwa maandishi zenye sahihi: picha moja, tangazo la biashara, mwaka mmoja, laki nne kwa kila aina ya matumizi. Matumizi tuliyoweza kuyathibitisha yalikuwa mawili, kalenda na mabango. La Facebook tulikuwa tumelitimua wenyewe, ingawa tuliliandika pia na wao hawakulikana. Hiyo ikawa milioni moja na laki mbili. Tukaongeza laki sita kwa kufuta baiskeli bila ruhusa na kuchapa bila jina, maana sheria yetu inampa mtunzi, mbali na haki ya pesa, haki ya kutajwa na haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa. Jumla milioni moja na laki nane. Ni ndogo kuliko tisa, lakini kila shilingi yake ilikuwa na maelezo. Kampuni iliacha kutaja laki moja na nusu.

Kabla ya kufika huko, wakili aliuliza jambo la pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi mimi. "Huyo mama ana habari?"

Hakuwa na habari. Kijana hakumjua hata jina. Alimpiga akipita, kama tunavyopiga sote mitaani, na kwa picha ya habari au ya maonyesho desturi ya kazi inaruhusu. Tangazo ni jambo jingine. Tangazo linamfanya mtu aseme neno ambalo hakulisema. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo kwayo picha inayomtambulisha mtu si ya kuchezea. Hakimiliki ya mpiga picha haimpi mamlaka juu ya uso wa mtu. Hizo ni haki mbili, za watu wawili, ndani ya karatasi moja.

Tukaenda kumtafuta. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Feri, mnada umepamba moto, maji ya samaki yanatiririka miguuni. Tuliwaonyesha wakaanga samaki ile picha kwenye simu. Wa tatu akacheka: "Huyu si mama wa ndoo ya kiraka? Msubiri, anavuka sasa hivi." Akaja na pantoni iliyofuata, na ndoo ile ile ya bluu, ubavuni ina kiraka cha plastiki kilichoyeyushwa kwa moto. Kijana akamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba huku anatuangalia kwa mashaka. Tulipomwonyesha kalenda hakushangaa.

"Nimeshaiona. Iko kwa fundi wa kijana wangu."

Tukamuuliza aliichukuliaje. Akaiweka ndoo chini.

"Mimi sijawahi kukopa pale. Sijawahi kukopa popote zaidi ya kikoba chetu. Sasa kwenye kikoba wanasema mimi nimeingia kausha damu, nimejificha. Mwezi wa nane wote nimeombwa marejesho mapema, wanaogopa nitawakimbia na hela yao. Hayo maneno hapo chini nani kasema? Mimi?"

Kisha akamgeukia kijana. "Na wewe mwanangu, ulipoiweka huko kwenye simu yako uliniuliza?" Kijana akasema hapana mama, sikukuuliza, naomba unisamehe. Mama akanyamaza kidogo. Akasema ilivyo ni nzuri, ila angependa kuwa nayo moja nyumbani, isiyo na maneno.

Nimekaa na picha maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kufikiria kwamba maneno manne ya njano yanaweza kumfanya mtu adaiwe mapema kwenye kikoba chake. Tunapozungumzia picha kuibwa tunahesabu hasara ya aliyepiga. Hasara kubwa zaidi kwenye kalenda ile ilikuwa ya aliyepigwa, na hakuna hata mmoja kati ya watu waliokaa Mikocheni, nikiwemo mimi, aliyekuwa ameiweka kwenye hesabu.

Kikao cha mwisho mama alikuja mwenyewe, na mwenyekiti wa kikoba chake. Dai lake lilitenganishwa na la kijana, kwa sababu tulikataa katakata lipitie mkononi mwake. Kampuni ilielewa haraka kwamba huyu ndiye mwenye jambo zito: taasisi ya fedha imetangaza hadharani kwamba mtu ni mkopaji wake wakati si mkopaji. Alitaka vitu viwili. Pesa, wakakubaliana milioni moja. Na barua yenye muhuri, inayosema kwamba yeye si mteja wao, hajawahi kukopa kwao, na picha yake ilitumika bila ridhaa yake. Ofisa masoko alisita sana kwenye barua kuliko kwenye pesa. Mama hakusita. "Pesa itaisha," alisema. "Barua nitawasomea."

Kijana alilipwa milioni moja na laki tano. Aliyelipa ni wakala, kwa kuwa mkataba wake na kampuni ulisema kazi zote anazoleta ni halali na zikileta madai yatakuwa juu yake. Dizaina hakudaiwa na mtu. Nilimpigia simu, kijana wa watu alikuwa anatetemeka, akasema kwenye ile kazi nzima ya kalenda alilipwa elfu themanini.

Lipo deni moja halijalipwa. Jarida moja la kila mwezi liliichukua picha kutoka kwenye nakala ya kielektroniki ya kalenda, likaikata maandishi, likaiweka kwenye makala ya akina mama wajasiriamali. Pembeni wameandika "Picha: Mtandao." Nataka kusema hili kwa uzito kwa sababu nimekaa kwenye dawati la picha na nimewahi kuacha maneno hayo yapite: mtandao haujawahi kupiga picha. Maneno yale yanakiri kwamba mhariri alijua kazi ina mwenyewe na hakumtafuta. Kutafuta kwenyewe ni kuiweka picha kwenye Google Lens au TinEye na kusubiri sekunde chache. Nimeijaribu kwa picha hii, na ukurasa wa kijana ulitokea kwenye safu ya kwanza. Barua yetu kwao imeambatana na invoisi ya muundo mpya. Chini ya bei ina mistari minne: imetumika wapi, kwa muda gani, kwa lugha na eneo gani, na kwamba matumizi mengine yoyote yana bei yake. Hawajajibu.

Mwishoni mwa Novemba kijana alirudi lile duka la dawa. Kalenda ilikuwa bado ukutani, Agosti imekunjwa nyuma ya msumari. Akamweleza muuzaji habari yote, akamwomba ukurasa ule. Muuzaji akaishusha kalenda, akauchana taratibu kwa rula ili miezi mingine isiharibike, akaukunja, akamtilia kwenye mfuko wa dawa.

Mama ana picha yake nyumbani Kigamboni, kwenye fremu ya kioo, na ile baiskeli imo. Ile barua ya muhuri ameipeleka stesheneri wakaifunga kwa plastiki. Siku za mkutano wa kikoba huja nayo ndani ya ndoo.